Dada yako sasa ni mzazi: jibu kwa anayemsindikiza ndugu kuasili mtoto

Swali: Assalam aleikum Bi. Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mdogo ana miaka minne, naishi Kisauni. Dada yangu mkubwa yuko Marekani, jimbo la Minnesota, na mumewe. Wote wawili wamekuwa raia wa huko. Wameoana miaka kumi na moja na mimba tatu zimeharibika. Sasa wamekubaliwa kuasili mtoto wa kiume wa miezi kumi na minne aliye kwenye makao ya watoto Johannesburg, Afrika Kusini. Shemeji ataweza kukaa wiki mbili za mwanzo tu, kisha kazi inamwita. Dada ameniomba nikae naye huko mpaka makaratasi yaishe, na tikiti atalipa yeye. Wanangu watabaki kwa mama yangu. Nataka kwenda lakini naogopa. Sijawahi kutoka nje ya Kenya. Sijui sheria inanitambua vipi, sijui nitamsaidia nini hasa, na mama mwenyewe ananung'unika, asema mtoto wa kuchukua si wetu na dini hairuhusu. Safari ni mwisho wa Juni, zimebaki wiki sita. Nishauri.

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nenda. Nalisema mwanzo ili usisome barua nzima ukingojea uamuzi. Dada yako amekuchagua kwa sababu anakujua, na mtu anayeanza ulezi kwa mara ya kwanza, katika mji asioujua, mumewe keshaondoka, hafai kuachwa peke yake.

Lakini uende ukijua kazi yako ni ipi, maana wengi tunaikosea. Hapa kwetu mwanamke akijifungua tunamwita mzazi, na mzazi ana haki zake. Hapiki, hafui, supu analetewa alipo, anakandwa, na siku arubaini nyumba nzima inamzunguka yeye ili yeye amzunguke mtoto. Dada yako hatakuwa na jeraha la kukandwa, lakini siku atakapowekewa yule mtoto mikononi atakuwa mzazi, na arubaini yake inaanza hapo. Wewe unakwenda kumtumikia mzazi. Huendi kulea mtoto.

Nikueleze nilivyolijua hili, maana sikulipata darasani. Mwaka 2009 nilimsindikiza binti ya ami yangu, aliyekuwa akiishi Kanada, kwenda Addis Ababa kumchukua mtoto wa kike wa miezi kumi. Zama hizo Ethiopia ilikuwa ikiwapa wageni watoto wengi. Bunge lao lilikuja kuifunga njia hiyo Januari 2018. Nilikuwa na miaka mingi katika kazi ya ustawi wa jamii hapa Mombasa, nimelea wanangu watatu, na nilijiona najua. Usiku wa kwanza mtoto alilia mpaka alfajiri. Binti ya ami macho yalikuwa yamemvimba kwa uchovu. Nikamwambia, "Mlete kwangu, wewe lala." Usiku wa pili vivyo hivyo. Nikawa namwogesha mimi, kwa sababu yeye aliogopa atamponyoka. Nikawa namlisha mimi, kwa sababu kwangu alimaliza chupa. Kila nililolifanya nililifanya kwa mapenzi.

Siku ya nane tulikuwa kwenye ujia wa hoteli. Mama yake amembeba, mimi natoka chumbani na chupa ya maziwa. Mtoto akaniona, akaninyooshea mikono yote miwili, na alipozuiwa akageuza uso upande wa ukutani asimtazame mama yake. Binti ya ami hakusema neno. Alinipa mtoto, akaingia msalani, nikasikia bomba la maji linafunguliwa hadi mwisho ili kilio chake kisisikike.

Tuliachana uwanja wa ndege, wao wakaelekea Ulaya waendelee na safari yao, mimi Nairobi. Miezi mitatu baadaye aliniambia kwa simu kwamba mtoto bado akisikia mlango hugeuka haraka, akiona aliyeingia si mimi hurudi kuinama. Mtoto yule alikuwa amekwisha kumpoteza aliyemzaa, akampoteza yaya wa makao aliyemzoea, kisha akanipoteza mimi. Hiyo ya tatu niliisababisha mimi, na haikuwa lazima. Tangu hapo kila anayenijia na swali kama lako humwambia hadithi hii kabla ya kumwambia chochote kuhusu visa.

Utaniuliza, mbona sisi watoto wetu hubebwa na mtaa mzima na hawadhuriki? Ni kweli. Lakini mtazame mtoto wa jirani akiwa mapajani mwako: kila baada ya muda hugeuza shingo kumtafuta mama yake alipo, akimwona hutulia akaendelea kucheza na bangili zako. Anaye wa kumgeukia. Huyu wa Johannesburg bado hana. Amelelewa na mayaya wa zamu, mikono ya asubuhi siyo ya usiku, na amejifunza kuwa mikono hubadilika. Watoto wa namna hii wengine humwendea yeyote anayewaita, watu wakafurahi kuwa "hana ugeni", kumbe bado hajajua yeye ni wa nani. Wengine hawalii hata wakiwa na njaa, kwa sababu walilia zamani na zamu ilikuwa na watoto wengi. Ukimwona kimya sana usiseme ni mpole. Mwambie dada yako amchukue hata kama hajaomba kuchukuliwa.

Kwa hiyo kulisha, kuogesha, kubadilisha nepi, kulaza, na kumbembeleza akiumia, hayo ni ya dada yako, na ya shemeji katika zile wiki mbili. Chupa inywewe mapajani, macho kwa macho, hata kama mtoto anaweza kuishika mwenyewe. Akikunyooshea mikono wewe, usimkatae kwa ukali na usimchukue. Chuchumaa ulingane naye, mchekee, mwambie "nenda kwa mama", umgeuze polepole aelekee kwake. Utalifanya hilo mara thelathini kwa siku na moyo utakuuma. Usiku akilia, wewe ndiye uamke kuchemsha maji, kutengeneza maziwa na kumwekea dada chai, kisha ukae pembeni yake sakafuni mpaka mtoto alale. Kukaa naye macho saa tisa ya usiku kutamfaa kuliko kumpokonya mzigo. Sisemi uwe jiwe. Akiwa mgonjwa, au ukiona mikono inamtetemeka kwa uchovu, mshikie mtoto saa moja, chumba hichohicho, yeye akiwa amelala anaonekana. Kisha mrudishie.

Yaliyobaki yote ni yako, nayo si machache: kupika, kufua, kwenda dukani, kupokea simu za jamaa na kuwaambia dada amepumzika, kubeba faili la makaratasi na kujua kila karatasi iko wapi. Nyumba nyingi za wageni huko huwa na jiko. Hakikisheni mmekodi yenye jiko. Mtu aliyekulia Mombasa akila mkate mkavu wiki tatu kwenye baridi ataugua moyo. Chukua iliki yako na pilipili manga, mpikie supu ya kuku ya mzazi kama ambavyo angepikiwa na mama. Atakapoonja atajua unamhesabu nani.

Sasa mambo mawili madogo ambayo nimeona yakifanya kazi kubwa. La kwanza ni leso. Mwambie dada yako achague leso moja laini, ailalie wiki nzima bila kuifua, kisha ampe afisa wa ustawi wa jamii siku wanayowasili, kabla ya kukutana na mtoto, aombe iwekwe kwenye kitanda chake. Mtoto huijua harufu kabla hajaijua sura. Na siku ya kumchukua, waombe makao wawape kitu chake kimoja, blanketi, fulana, mdoli uliochakaa, chochote alicholala nacho. Msikifue. Hata kikinuka, mwezi wa kwanza msikifue.

La pili ni maswali kwa yaya. Siku ile ya kukutana, dada na shemeji watakuwa hawasikii wala hawaoni ila mtoto, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama makao yatakuruhusu kuingia, wewe ingia na daftari. Muulize yaya: anakunywa maziwa gani ya kopo, chuchu ya chupa ina tundu kubwa au dogo, analalia ubavu gani, anapigwapigwa mgongo au makalio, anaogopa nini, anaimbiwa nini. Mwombe auimbe wimbo wenyewe. Maziwa msiyabadilishe ghafla. Kama huko Minnesota watatumia mengine, yachanganywe kidogokidogo siku kadhaa, tumbo lizoee. Na mshukuru yaya huyo kwa jina lake, uliandike jina hilo daftarini. Iko siku mtoto atauliza nani alikuwa akimlaza.

Kuhusu lugha usiwe na hofu. Johannesburg mayaya wengi huzungumza Kizulu au Kisotho, na Kizulu ni ndugu wa Kiswahili. Maji wao huita amanzi, nyama ni inyama, na ukimwambia mtoto "lala" atakuelewa, kwa sababu kwao pia ni lala. Jifunzeni na "thula", nyamaza, na "woza", njoo. Dada ayatumie maneno hayo mwezi wa kwanza, Kiingereza na Kiswahili vitakuja vyenyewe.

Tuje kwenye sheria. Huko wewe utakuwa mgeni wa matembezi tu. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida huingia Afrika Kusini bila visa, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya mwaka. Hutaweka saini popote katika kesi hii, huwezi kumsimamia mtoto kisheria, na huwezi kuvuka naye mpaka wa nchi kwa barua ya dada yako peke yake. Mahakama ya watoto ya huko husikiza mambo haya faraghani, kwa hivyo siku ya kesi pengine utakaa nje kwenye benchi. Kaa. Akitoka na amri ya mahakama mkononi atataka mtu wa kumkumbatia, hasa kama shemeji atakuwa ameshaondoka.

Afrika Kusini na Marekani zote ziko ndani ya Mkataba wa The Hague wa 1993 unaosimamia watoto kuasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mkataba huo unataka mtoto atafutiwe kwanza jamaa au familia katika nchi yake. Sheria ya Afrika Kusini imeliwekea hesabu: jina la mtoto lazima liwe limekaa kwenye daftari la taifa la watoto wanaotafutiwa wazazi kwa siku 60 au zaidi, na asipatikane wa ndani anayefaa, ndipo mgeni aitwe. Nakutajia hili kwa sababu utasikia maneno kwamba dada yako kaenda kununua mtoto wa watu. Na wakikuuliza mbona hakuchukua wa hapahapa Kenya, serikali yetu ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni mwezi Novemba 2014. Dada yako anaishi nje, mumewe na yeye ni raia wa nje, njia yao haikuwa nyepesi kama majirani wanavyodhani.

Makaratasi yenyewe hufuatana hivi. Idhini ya serikali ya Marekani, ile ya fomu ya I-800A na kisha I-800, huanza kabla ya safari. Huko Johannesburg inakuja amri ya mahakama, hati ya kuthibitisha kuwa mkataba umefuatwa, cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti ya Afrika Kusini ya mtoto, uchunguzi kwa daktari aliyeteuliwa, na mwisho visa kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ulioko mjini humo. Visa hiyo huitwa IH-3, na mtoto aliye chini ya miaka 18 akiingia nayo Marekani kuishi na wazazi wake anakuwa raia kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2000. Kila hatua ina ofisi yake na kila ofisi ina foleni yake. Tikiti yako ya kurudi iwe ya kubadilishika tarehe, hilo msilibanie pesa, na uihesabu ile 90 tangu siku unayoingia. Kama watapewa bahasha iliyofungwa ya kumkabidhi afisa wa uhamiaji, isifunguliwe na mtu yeyote mpaka huko.

Mambo mawili ya sheria yanakuhusu wewe moja kwa moja. Picha kwanza. Sheria ya watoto ya Afrika Kusini inakataza kuchapisha jina au sura ya mtoto aliye kwenye kesi ya mahakama ya watoto. Stetasi ya WhatsApp ni kuchapisha. Kundi la familia lenye watu themanini ni kuchapisha. Wajuze mapema, kabla hujapanda ndege, kwamba hutatuma picha ya uso wa mtoto kwa yeyote mpaka dada yako mwenyewe aseme. Watakasirika. Mwache mmoja akasirike kuliko kumtia dada yako mashakani mbele ya hakimu.

Pesa ni la pili. Mkataba unakataza mtu yeyote kujipatia faida isiyo halali kwa mtoto kuasiliwa. Ukiwa nje ofisini akakujia mtu akasema kwa kiasi fulani faili litasogea, usitoe chai, hata ya kumridhisha tu, hata kwa nia njema. Mwambie dada alipeleke jambo hilo kwa shirika linalowasimamia. Na msimtafute mama aliyemzaa mtoto kwa njia zenu. Mkitaka kuacha barua au zawadi kwa ajili yake, afisa ndiye wa kuulizwa.

Sasa mama yako. Mwanangu, usimjibu kwa hasira, kwa sababu nusu ya analosema ni kweli. Dini haikukataza kulea. Mtume alisema yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa peponi hivi, akaonyesha kidole cha shahada na cha kati. Kilichokatazwa ni kubadili nasaba, kumfanya mtoto aamini ametoka katika damu isiyo yake. Surat Al-Ahzab aya ya 5 inasema waitwe kwa baba zao, na Zaid aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad akarudishiwa jina la baba yake, Haritha. Ndiyo maana Waislamu tuna kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadili nasaba, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua. Shida ni kwamba njia ya visa anayopita dada yako inahitaji amri ya mahakama ya kuasili. Karatasi ya kafala haitoshi. Basi amri ataipata, na ndani yake kuna nafasi moja ambayo wengi huipita bila kujua: kwa sheria ya Afrika Kusini mtoto aliyeasiliwa hupewa jina la ukoo la walezi isipokuwa amri yenyewe iseme vingine. Kama dada na shemeji wanataka mtoto abaki na jina alilozaliwa nalo, pamoja na la kuitiwa, wamwambie wakili au afisa wao kabla hakimu hajakaa. Baada ya amri kuandikwa, kurekebisha ni kazi ndefu.

Urithi nao una njia. Mtoto huyu hatarithi kwa fungu la mwana, lakini wanaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali, na kumpa zawadi wakiwa hai bila ukomo huo. Na umahramu, yaani ujamaa unaozuia kuoana, ambao najua ndio unaomsumbua mama kuliko anavyosema: kwa madhehebu yetu ya Shafii, manyonyesho matano kamili kabla mtoto hajatimiza miaka miwili humfanya mwana wa maziwa. Mtoto ana miezi kumi na minne, kwa hivyo muda bado upo, ingawa haufiki miezi kumi. Kuna wanawake ambao hawakujifungua na wakasaidiwa na daktari kupata maziwa. Dada yako azungumze na daktari na shekhe anayemwamini sasa hivi akiwa Minnesota, na vipimo vya mtoto viangaliwe kwanza. Lisiwe jambo la kubahatisha kwenye nyumba ya wageni.

Mama mpe kazi. Mwambie achague yeye leso ya mtoto, ile ya kumbebea mgongoni, akanunue mwenyewe mjini kama alivyofanya kwa wajukuu wengine. Nimewaona kina mama wengi wenye mdomo kama wake wakisimama dukani nusu saa wakipapasa vitambaa, na wakitoka wanauliza mtoto ana kilo ngapi. Kama bado atanung'unika, mwache anung'unike huku akiwatunza wanao. Ombi lako kwake liwe moja: asitamke "mtoto wa kuokota" mbele ya mtu, wala "mama yake halisi". Aliyemzaa aitwe aliyemzaa. Dada yako aitwe mama.

Jambo ambalo hukuniuliza, na nina wajibu kulisema. Huenda dada yako asimpende mtoto huyu siku ya kwanza. Amengoja miaka kumi na moja, amezika mimba tatu, watu wote wanatarajia alie kwa furaha, na yeye pengine atahisi ganzi. Wengine huzikumbuka mimba zilizoharibika palepale mtoto anapowalilia begani, na huona aibu kusema. Akikuambia "sijui kama nitaweza", usimjibu kwamba si ndicho ulichokuwa ukikililia. Kaa naye. Mwambie mapenzi ya mtoto huja kwa kumlisha na kumwogesha kila siku, kwa aliyezaa na kwa asiyezaa. Lakini ukimwona halali hata mtoto akiwa amelala, hali, analia kila siku, au anasema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, basi hilo ni ugonjwa na lina tiba. Mpigie shemeji, mtafute daktari, usingoje kurudi nyumbani.

Wanao wawili wapigie kila siku saa ileile. Johannesburg iko nyuma yetu kwa saa moja, usisahau, usije ukawaamsha. Yule wa miaka minne mwachie kanzu au dera lako ulilolivaa. Dawa ni ileile ya leso.

Siku ya kuachana usitoroke mtoto akiwa amelala. Muage akiwa mikononi mwa mama yake, mpungie, sema "kwaheri", ondoka bila kurudi nyuma. Kama umeifanya kazi yako vizuri atakutazama kidogo, kisha atalaza kichwa begani kwa dada yako. Itakuuma kidogo kuwa hakukulilia. Mimi nilililiwa, na ningetoa chochote nisingeliliwa.

Ukirudi Kisauni watakujia na maswali. Mtoto aliokotwa wapi, aliyemzaa ni nani, alikuwa na ugonjwa gani. Faili utakuwa umelibeba wewe na utakuwa unajua. Hadithi hiyo ni ya yule mtoto, atasimuliwa na wazazi wake akiwa na umri wa kuisikia, na haifai aje kuisikia kwa binamu yake siku ya harusi hapa Mombasa. Waambie ni mvulana, ana afya, anapenda viazi, au chochote anachokipenda.

Sasa wiki sita. Umesema hujawahi kutoka Kenya, kwa hivyo nadhani huna pasipoti, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Ombi hujazwa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kisha unakwenda na nakala zako ofisi ya uhamiaji hapahapa Mombasa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ombi lijaze leo usiku. Pasipoti ikitoka, au hata kabla, kachanjwe homa ya manjano upate ile kadi ya manjano, kwa sababu Afrika Kusini humdai kadi hiyo anayetoka Kenya, na chanjo lazima iwe imetimiza siku kumi kabla ya kuingia. Kisha pita Kongowea kwenye mitumba ununue sweta mbili nzito na soksi, na moja ya mtoto. Mwisho wa Juni Johannesburg ni kipupwe cha baridi, mji uko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na usiku hushuka karibu na sufuri. Wewe hujawahi kuona baridi ya namna hiyo, na saa tisa ya usiku utakuwa umekaa sakafuni.